Kabichi, dozi na kipimo cha pili

Mama mdogo alikuwa jikoni kwake Kibosho, nusu kabichi juu ya ubao, boksi la dawa za vidonda vya tumbo juu ya friji. Aliikata kabichi nyembamba, ule ukataji wa kachumbari, akaitia kwenye blenda na maji kidogo, akasaga mpaka mota ikaanza kunuka. Akaimimina kwenye kitambaa cheupe, akakusanya pembe nne za kitambaa, akakamua kwa mikono miwili mpaka maji ya kijani yakamchuruzika hadi kwenye viwiko. Kikombe kilipojaa, alifumba macho akanywa yote kwa mkupuo, povu na kila kitu.

"Hii ndiyo dawa, mwanangu," akasema akijifuta mdomo. "Zile za kwenye boksi zilinitesa bure."

Nililichukua lile boksi nikalifungua. Vidonge vilikuwa vimepangwa kwa siku, vya asubuhi na vya jioni, na kila tundu lilikuwa tupu. Hakuruka hata kimoja. Alimeza mpaka siku ya mwisho, mdomo mchungu, chai haina ladha, mtori haushuki. Alipomaliza akaenda zahanati moja ya huku chini, wakamtoboa kidole, wakasubiri dakika chache, wakamwambia: wadudu wa vidonda bado wapo.

Bado wapo.

Maneno hayo ndiyo yaliyomhamishia kwenye kabichi, na mimi yalininyima raha kwa wiki kadhaa. Kama mtu amemaliza dozi kwa nidhamu ile na wadudu bado wapo, nani atamlaumu akienda sokoni badala ya kurudi hospitali?

Kila mtu na chupa yake

Ukitaja vidonda vya tumbo Moshi hii, usitegemee kupewa pole. Utapewa dawa. Kwenye daladala ya Kiboriloni, kwenye msiba, kwenye foleni ya benki, kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, kila mtu ana ndugu aliyepona. Mmoja alipona kwa juisi ya viazi mbichi. Mwingine asali na manjano, kijiko kabla ya kula. Kuna wa habasoda, wa shubiri, wa mlonge, wa kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye asali. Sisi wa migombani tuna unga wa ndizi mbichi zilizokaushwa juani. Sokoni Mbuyuni utauziwa unga wa kijivu kwenye kopo lililowahi kuwa la siagi, na ukiuliza ni wa nini utaambiwa ni wa tumbo, presha na nguvu za kiume. Huo wa kazi tatu mimi huwa naupita.

Lakini sicheki. Nimekulia kaskazini, na mwaka 2011 nilikuwepo. Kila familia niliyokuwa naifahamu ilipeleka mtu Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Walikwenda wazee, walikwenda wasomi, walikwenda watu wenye magari ya serikali. Walirudi wakisema wamepata nafuu, na wengi walikuwa wanasema kweli: walijisikia nafuu. Ninachokikumbuka zaidi ni jinsi ilivyokuwa vigumu, hata ndani ya ukoo mmoja, kumpata mtu aliyerudi hospitali na cheti cha kabla na cha baada akaviweka mezani. Kupona kulikuwa habari ya kusimulia. Kupima tena kungekuwa kumkosea Mungu adabu.

Tabia hiyo haikuanzia Samunge. Na haiko kwa waganga peke yao.

Mdudu mwenyewe

Sitaki kuwachosha na yale mnayoyajua. Ila kuna jambo ambalo bado linabishaniwa sebuleni kwetu: kwamba vidonda vya tumbo ni mawazo. Mtu akiachwa na mume, akifilisika, akifeli mtihani, anapata vidonda. Hata madaktari duniani waliamini hivyo kwa miaka mingi, wakaongeza na pilipili, mpaka Waaustralia wawili wa mji wa Perth, Robin Warren na Barry Marshall, walipomkuta bakteria aliyejipinda, ndiye H. pylori, ndani ya matumbo ya wagonjwa. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua tumbo, akapimwa kwa kamera ikaonekana kuta za tumbo zimevimba. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Katikati hapo, mwaka 1994, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikwisha kumweka H. pylori kwenye kundi la visababishi vya saratani visivyo na ubishi.

Karibu nusu ya watu duniani wanaye. Wengi hawatajua maisha yao yote.

Kilichonivuta mimi ni namna anavyoishi. Tumboni kuna asidi ya kuunguza, na yeye hajaizoea, anaizima. Ana kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia inapunguza makali ya asidi pale pale alipo. Kisha anajipenyeza chini ya ule ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, anakaa huko, anazaliana polepole. Antibayotiki nyingi huua bakteria anayekua na kugawanyika. Huyu mara nyingi amejikalia tu. Ndiyo maana kwenye boksi kuna omeprazoli au ndugu yake: ikipunguza asidi, bakteria anaanza kuzaliana, amoksilini inampata. Na ndiyo maana dawa ni mbili tatu kwa pamoja, kwa siku 14 siku hizi. Ukimpa antibayotiki moja peke yake, mara nyingi anabaki.

Nilipoelewa hapo, swali langu kuhusu kabichi lilibadilika. Sikuuliza tena kama chakula kinaweza kuua bakteria. Vyakula vingi vinaweza. Nikauliza kama kinaweza kumfikia huyu, chini ya ute, kwenye asidi, kabla tumbo halijakisukuma chini.

Maabara ina sahani, tumbo lina mlango

Kitunguu saumu ndicho kilichonifundisha zaidi. Maabara, kinamuua H. pylori bila shida; tafiti za namna hiyo zipo nyingi, na ndizo zinazosambazwa. Mwaka 1999 watafiti wa Texas wakaamua kuwajaribu watu wenyewe, 12, wote wakiwa na maambukizi. Waliwalisha punje kumi za kitunguu saumu kibichi kwa siku. Siku nyingine wakawapa pilipili kali mbichi. Siku nyingine vidonge vya bismuthi, dawa ya tumbo ya dukani. Kipimo cha pumzi, kinachomtafuta bakteria, kilishuka kwa bismuthi. Kwa kitunguu na pilipili hakikusogea.

Punje kumi! Mke au mume wa mtu huyo astahili nishani.

Nilitaka kufunga faili la kitunguu pale, lakini haki ni haki. Kule Linqu, mkoa wa Shandong, China, eneo lenye saratani nyingi ya tumbo, kuanzia mwaka 1995 watu zaidi ya 3,300 waligawanywa kwenye makundi. Kuna waliopewa dawa za H. pylori kwa wiki mbili tu, na kuna waliopewa vidonge vya kitunguu saumu kwa zaidi ya miaka saba. Wakafuatiliwa miaka 22. Waliotibiwa kwa zile wiki mbili walipata saratani ya tumbo kwa uchache zaidi, miongo miwili baadaye. Na kundi la kitunguu lilikuwa na vifo vichache vya saratani hiyo. Kwa hiyo kitunguu kilifanya kitu. Ila kilichukua miaka saba ya kumeza kila siku, na wala hakikuonyeshwa kwamba kilimng'oa mdudu.

Brokoli nayo ina historia nzuri. Mbegu zake zikiota siku chache tu, vile vichipukizi vinabeba kwa wingi kitu kinachotoa kemikali iitwayo sulforafani, na mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba sulforafani inamuua H. pylori, hata yule sugu kwa dawa, hata aliyejificha ndani ya seli. Wajapani wakachukua hatua iliyofuata. Waliwapa wagonjwa gramu 70 za vichipukizi kila siku kwa wiki nane, na wenzao wakapewa vichipukizi vya mmea mwingine, jumla watu 48. Utafiti ulitoka mwaka 2009. Kwa waliokula brokoli, dalili za bakteria kwenye pumzi na kwenye choo zilipungua, na uvimbe wa tumbo ukapungua pia. Kisha wakaacha kula. Miezi miwili baadaye vipimo vilirudi vilikokuwa.

Anayelima anaijua hadithi hiyo. Sangari ukiifyeka kwa panga, shamba linapendeza wiki mbili. Mzizi haujui kama umefyekwa.

Habasoda ndiyo iliyonikosesha usingizi, maana hapo matokeo ni ya kweli na yanababaisha. Saudia, mwaka 2010, wagonjwa 88. Kundi moja lilipewa dozi ya kawaida ya dawa tatu: asilimia 82.6 walisafishika. Wengine walipewa habasoda pamoja na omeprazoli. Kwa gramu mbili kwa siku, asilimia 66.7. Si haba hata kidogo kwa kiungo cha kwenye mkate. Lakini kwa gramu moja ilikuwa 47.6, na kwa gramu tatu ikarudi 47.8. Ukiongeza dawa, inapungua nguvu? Makundi yalikuwa ya watu ishirini na kitu kila moja, na kwa idadi hiyo watu wachache wakiegemea upande huu au ule asilimia zinaruka. Mimi naisoma hivi: kuna kitu cha kufuatilia kwenye habasoda. Hakuna cha kumfanya mtu aache dozi.

Na kabichi yenyewe? Inatoka mbali. Mwaka 1949, kabla hata mdudu hajajulikana, daktari Garnett Cheney wa California alichapisha habari za wagonjwa 13 wenye vidonda waliokunywa juisi ya kabichi mbichi, kama lita moja kwa siku, na vidonda vyao vikapona upesi. Aliita kilichomo humo vitamini U. Lile jina halikushika kwenye vitabu vya vitamini, lakini juisi imeshika mpaka Kibosho. Tatizo la wale 13 ni kwamba hakukuwa na wengine wa kulinganisha nao, na vidonda vya tumbo vina tabia ya kufunga vyenyewe kisha vikarudi. Kabichi ni ukoo mmoja na brokoli, ukoo huo huo wa sukuma wiki, kwa hiyo si upuuzi kuitilia maanani. Tena ni mbichi. Ukiipika, kimeng'enya kinachotoa sulforafani kinaharibika.

Ila wale wa Japani walikuwa na kitu ambacho wale 13 hawakuwa nacho, wala mama mdogo, wala kundi letu la WhatsApp. Walipima baada ya kuacha.

"Mama, magoti vipi?"

Nilimpeleka hospitali kubwa mjini kwa ahadi kwamba hatapewa boksi lingine siku hiyo. Daktari alikuwa kijana, mwenye subira. Alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akamwacha aeleze kabichi yote mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo sijaliona mara nyingi. Kisha akauliza swali lisilo la tumbo.

"Mama, magoti vipi?"

Mama mdogo akacheka. Magoti yalikuwa yanamsumbua tangu mwaka juzi, mlima ule wa kwenda kanisani. Alikuwa ananunua diklofenaki duka la dawa, asubuhi kimoja, jioni kimoja, na wakati wa kuchuma kahawa anaongeza. Anazitumia bado? Hapana. Jirani aliyemfundisha kabichi alimwonya asichanganye na kemikali, basi akaziacha zote, na za magoti pia.

Daktari akaweka kalamu chini.

Diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofeni hutoboa tumbo bila kuhitaji bakteria yeyote. Zinapunguza ule ute unaolinda ukuta, basi asidi inafika kwenye nyama. Ukiwa na H. pylori na unameza diklofenaki kila siku, mambo mawili yanasaidiana kukuumiza. Mama mdogo alikuwa na yote mawili. Dozi ilishughulikia moja. La pili liliondoka siku jirani aliposema usichanganye.

Nilimtazama mama mdogo, nikaona ameridhika kabisa. Kwake hiyo ilikuwa hoja ya kabichi.

Na nilipoifikiria usiku, niliona ana hoja. Sidhani juisi ilimponya. Lakini sharti lililoandamana na juisi lilimwondolea sumu ambayo hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyemuuliza kabla ya siku ile. Nikaanza kujiuliza ni simulizi ngapi za "nilipona kwa asali" zimejengwa hivyo. Mtu anaanza asali, anaacha gongo. Anaanza manjano, anaacha kukaa na njaa kutwa, anaacha sigara, anaanza kulala mapema kwa sababu mganga kasema. Kisha sifa zote zinakwenda kwenye kijiko.

Manjano yenyewe, kwa kuwa nimeitaja: utafiti wa Thailand uliotoka mwaka 2023 uliwalinganisha watu 206 wenye maumivu ya tumbo yasiyo na kidonda, baadhi wakapewa kirutubisho cha manjano na baadhi omeprazoli, na nafuu ilikaribiana. Nafuu ya maumivu, sikiliza vizuri. Haukuwa utafiti wa kuua H. pylori. Tumbo kutulia na tumbo kusafishika ni habari mbili, na nafikiri robo tatu ya ubishi wetu wote ungeisha kama tungeacha kuzichanganya.

Kidole hakijui

Halafu nikamuuliza daktari lile lililonileta. Kama alimaliza dozi, kwa nini aliambiwa bado wapo?

"Walimpima damu?"

"Walimtoboa kidole."

Akatikisa kichwa. Kile kipimo cha damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili ulitengeneza ulipokutana naye. Bakteria akifa, kingamwili zinabaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka. Mtu aliyepona kabisa akitobolewa kidole, karatasi itaonyesha mistari miwili, na mhudumu atasoma mistari miwili. Kinachofaa baada ya tiba ni kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha pumzi. Nacho kina masharti: angalau wiki nne zipite tangu antibayotiki ya mwisho, na wiki mbili bila omeprazoli, la sivyo mdudu aliyefifia atajificha, na utapewa majibu mazuri ya uongo.

Nilikasirika pale, na hasira haijaisha. Simlaumu yule mhudumu wa zahanati, alisoma alichopewa. Lakini fikiria wangapi wamekaa kwenye benchi lile, wamemaliza dozi kwa tabu, wametobolewa kidole, wameambiwa bado wapo. Wengine watapewa boksi la pili, antibayotiki juu ya antibayotiki, kwa mdudu ambaye huenda alishakufa. Wengine wataapa hospitali hazijui kitu, watakwenda kwa mwenye kopo la siagi. Na mwenye kopo hatawapima. Atawauliza tu unajisikiaje, wao watasema afadhali, naye atampa sifa hiyo mteja anayefuata.

Hapo ndipo nilipoona mganga na zahanati wanakula kwenye sahani moja. Wote wawili wanaishi kwa sababu kipimo cha pili hakifanyiki, au kinafanyika kile kisichofaa.

Usugu nao upo

Nisieleweke kwamba dozi ni malaika. Madhara yake mama mdogo ameyasimulia. Na wadudu sugu wapo kweli: mwaka 2017 WHO iliorodhesha bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka, na H. pylori asiyesikia antibayotiki ya klarithromaisini alikuwemo kwenye kundi la kipaumbele cha juu. Metronidazo nayo, kwetu Afrika, imechoka. Tunaimeza kwa kila tumbo linalonguruma, tunanunua vidonge vichache kwa hela iliyopo mfukoni, tunaacha harisho likikata. Bakteria wa tumboni anazionja dawa hizo kila mara, kidogo kidogo, na anajifunza.

Kwa hiyo anayetafuta njia nyingine kwenye chakula hatafuti ujinga. Amoksilini yenyewe ni mjukuu wa kuvu. Na kuna kitu kimoja cha asili ya chakula ambacho kimepita mtihani: chachu iitwayo Saccharomyces boulardii, iliyogunduliwa na Mfaransa Henri Boulard kwenye maganda ya matunda kule Indochina miaka ya 1920. Ukiimeza pamoja na dozi, kuharisha kunapungua, na idadi ya wanaosafishika inapanda kidogo. Bakteria wa maziwa ya mgando wa aina fulani wamefanya kazi inayofanana. Sisemi mgando wa kwenye kibuyu cha bibi ni ule ule wa kwenye tafiti, lakini kama mama mdogo angekunywa mgando wake wakati wa dozi, huenda angeteseka pungufu. Hakuna aliyemwambia. Aliambiwa aache maziwa yote.

Chakula kikiwa pembeni ya dozi, naona kinafanya kazi yake vizuri. Kinamsaidia mtu afike siku ya 14. Kukikabidhi kazi ya dozi ni kukionea.

Na yapo ambayo hayangoji chakula wala blogu. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kooni, uzito kushuka bila sababu: hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Majibu

Tulisubiri wiki zilizotakiwa. Kipimo cha choo kikatoka: hakuna bakteria.

Mama mdogo alimpigia simu jirani yake kabla hatujatoka getini. Kabichi imemaliza kazi. Nilijaribu kusema kwamba dozi ilikwisha muda mrefu, kwamba pengine hata siku ya kutobolewa kidole walishakufa, kwamba maumivu yaliondoka na diklofenaki. Akanisikiliza kwa upole wa mtu mzima anayemsikiliza mtoto, akasema, "Sawa mwanangu, lakini wewe hukuinywa." Siwezi kuthibitisha kwamba kabichi haikuongeza chochote. Kwa magoti sasa anatumia parasetamo, na anajipaka dawa ya kuchua.

Kinachonihangaisha sasa ni nyumba. H. pylori huenea ndani ya familia, mdomo kwa mdomo, mikono isiyonawa, na wengi humpata utotoni. Daktari alisema yeyote mwenye dalili pale nyumbani apimwe naye. Wajukuu hawana dalili. Mwenye dalili ni baba mdogo, anayekoroga Eno kila jioni na kubeua mpaka mbwa anaamka. Tulimletea kichupa cha kipimo cha choo, tukamweleza, tukamwambia hata kidole hakitobolewi.

"Vidonda ni vya watu wenye mawazo," akasema. "Mimi nina mawazo ya nini? Nina gesi tu."

Kichupa amekitilia misumari.